LNB “isiyoyumba” ya QO-100: nyota moja, na hiyo moja naitoa kwa uchungu

Wana redio wenzangu wa mikoani, hasa mlioko huku Kigoma na Tabora mlioanza kuulizia vifaa vya QO-100, ile setilaiti yetu watu wa redio ya ridhaa: kabla hujamtumia mtu hela ya LNB (kile kichwa cha kupokelea kinachokaa mbele ya dishi) “iliyotulizwa, haiyumbi hata ikae juani kutwa nzima”, nisikilizeni kwanza mimi niliyetuma. Jina la duka silitaji. Lipo Dar, linauza kwa picha za mtandaoni, na maneno ya matangazo yake ni matamu. Sifa za kifaa zimeandikwa kule kule kwenye tangazo, anayezitaka akazisome. Mimi nasema yaliyonikuta.

Najua kuna atakayeuliza hasira zote hizi za nini kwa kidude kinachoenea kiganjani. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nina leseni ya redio ya ridhaa kutoka TCRA, na alama yangu ya wito inaanza na 5H. Kwa muda mrefu nilikuwa nafukuzia setilaiti za kupita: SO-50, na kile kituo cha anga cha kimataifa ambacho unakirushia kwenye megahezi 145.990 na kukisikiliza kwenye 437.800. Unasimama uani na redio ya mkononi na antena ya kujitengenezea, unaizungusha polepole ukifuata kitu usichokiona. Kinakuja, kinapita, dakika kumi hivi kimeshazama nyuma ya milima ya Congo. Na ukiita, mara nyingi hakuna wa kuitika. Eneo ambalo SO-50 inaliona ikiwa juu ya Ziwa Tanganyika linaishia Afrika Kusini, Ulaya haimo kabisa, na wenye redio ndani ya eneo hilo ni wa kuhesabu. Nimeita nikitegemea Burundi, nimeita nikitegemea Zambia, nikapata kimya.

QO-100 ni habari nyingine kabisa. Imebebwa ndani ya Es'hail-2, setilaiti ya Qatar iliyorushwa Novemba 2018, na ndiyo ya kwanza ya watu wa ridhaa kukaa kwenye ule mzunguko wa kilomita 36,000 ambako setilaiti haionekani kusogea. Unarusha kwenye megahezi 2400, unapokea kwenye 10489, na humo kuna watu kuanzia Brazil mpaka Thailand, saa zote. Hata kituo cha Neumayer cha Wajerumani kule Antaktika kimo. Setilaiti yenyewe iko nyuzi 25.9 mashariki, Kigoma tuko 29 na nusu hivi, kwa hiyo kwetu iko karibu utosini. Wenzetu wa Uingereza wanalilaza dishi wakitafuta upenyo kati ya miti na majengo. Sisi huku linatazama juu, hakuna mwembe wala ghorofa la kulizuia. Usiku ule wa kwanza nilipobonyeza kitufe nikataja alama yangu, na robo ya sekunde baadaye sauti yangu ikanirudia masikioni kutoka kule juu, nilikaa kwenye ngazi ya mlango nikalia. Wala sioni aibu kulisema. LNB niliyotumia usiku huo ilikuwa ya kuazima, ya kawaida, ya dishi la mtu la kuangalizia mpira.

Sasa kwa nini nikaagiza “iliyotulizwa”? LNB ya dishi la televisheni ina kristali ndogo ndani yake inayoongoza masafa, ya megahezi 25, na mitambo inaizidisha mara 390 ili kupata 9750 ya kushushia masafa. Maana yake hata kosa dogo la kristali linazidishwa mara 390. Joto likiisogeza hezi 10 tu, wewe kwenye skrini unaona karibu kilohezi 4. Anayeangalia mpira hatagundua kitu, chaneli ya televisheni ni pana. Sauti ya mtu kwenye QO-100 haifiki hata kilohezi 3, na ikihama moja tu umeshampoteza. Ndiyo maana watu wanaitoa kristali ya kiwandani wanaweka inayojisawazisha na joto. Kazi hiyo inahitaji mkono mwepesi na vifaa, nami sikuwa navyo, nikaona ninunue iliyo tayari. Bei ilikuwa karibu mara nne ya LNB unayoipata sokoni Mwanga hapa Kigoma. Nikatuma bila kuomba punguzo.

Mzigo ulikuja na basi, ulikuwa msimu wa mvua unaelekea kuisha. Mtoto wa kaka yangu akapanda akaifunga. Jioni ile na usiku kucha, safi. Nilimtumia muuzaji ujumbe wa shukrani, nao ninao mpaka leo.

Kesho yake jua likapanda. QO-100 ina bikoni katikati ya bendi, kwenye 10489.750, ishara ya kudumu ambayo haibanduki hapo. Kwenye skrini inaonekana ni mstari mmoja wa rangi unaoshuka umenyooka. Saa nne asubuhi mstari ukaanza kupinda. “Shangazi, mbona inatembea?” kijana akaniuliza. Ilikuwa inatembea kweli. Wingu likija kutoka ziwani, mstari unarudi ulikotoka. Wingu likiondoka, unaenda zake tena. Dishi likitazama juu namna hii, mgongo wa LNB unabaki wazi kwa jua, na huku kwetu jua linakaa utosini saa saba, siyo saa sita. Ndio wakati mbaya kuliko wote. Unaweza kuishika LNB ukatoa mkono.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu kabisa, na picha za skrini. Akajibu kwa ujumbe: setilaiti yenyewe ndiyo inayohama.

Hilo ni jambo linalopimika, nami nikalipima. Kule Goonhilly, Cornwall, Uingereza, watu wa AMSAT-UK na BATC, vyama vya watu wa ridhaa wa huko, wameweka pokezi la QO-100 ambalo yeyote anaweza kulisikiliza kwa intaneti. Nikaweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa ikionyesha skrini ya Goonhilly, laptopu pembeni ikionyesha yangu. Bikoni ile ile, dakika ile ile. Kwenye simu imesimama palepale. Kwenye laptopu inaondoka. Nikarusha na ishara yangu mwenyewe: Goonhilly wanaiona imetulia, mimi ninaiona inakimbia sambamba na bikoni. Kwa hiyo setilaiti haina kosa, na mtambo wangu wa kurushia hauna kosa. Kinachobaki ni kipi? Mtoto wa kidato cha pili anaweza kujibu.

Nikapiga picha zote mbili, nikatuma. Kimya.

Katikati ya kimya hicho ndipo ilipotokea siku ambayo siisahau. Nilikuwa nimewaalika nyumbani wasichana wachache wa kidato cha tatu, walioniomba wenyewe baada ya somo la mawimbi. Walikuja mchana, kwa sababu wazazi hawawezi kuruhusu usiku. Nikaita. Akaitika mtu wa Brazil, na alikuwa mwanamke. Mniwie radhi, lakini nyie wanaume hamjui ilivyo kuwasha redio mwaka mzima usisikie mwanamke mwenzako. Wale wasichana walishikana mikono. Akataja alama yake, akaanza kutaja jina, na jua likatoka nyuma ya wingu. Sauti yake ikapanda, ikapanda, ikawa kama ya bata. Nikazungusha kitufe kumfuata, nikimpata anatoroka tena. Nikasikia kipande cha alama yangu, nikasikia “Tanzânia”, basi. Alipoacha kuita sikujua kama amenisikia nikimjibu au hapana. Msichana mmoja akaniuliza kwa sauti ndogo, “Madam, amekasirika?”

Jioni nilimpigia muuzaji, hakupokea. Kesho yake akapiga yeye. Hakunisalimu. Nikaanza kumweleza habari ya Goonhilly na ya kristali. Akanikatisha:

“Dada, hapo nyumbani hakuna kaka, au mume, au fundi yeyote nimwelekeze yeye?”

Nikamwambia, “Kaka, mwenye leseni ni mimi, na mwenye LNB ni mimi. Nielekeze mimi.”

“Sasa dada, haya mambo ya masafa yana hesabu ndani yake.”

Nilimwambia hesabu hizo ndizo ninazowafundisha watoto wa watu. Akasema huko kwenu Kigoma mabati yenu yana joto sana, kifaa hakikutengenezwa kwa ajili hiyo. Nikamuuliza, si uliandika “hata ikae juani kutwa nzima”? Akasema ana wateja wengine. Akakata.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipochukua bisibisi. Nikatoa kofia ya plastiki, nikatoa skrubu, nikafungua. Mle ndani ilikuwamo kristali ile ile ya kiwandani, kikopo kidogo cha chuma kimechapwa 25.000, bodi inang'aa, risasi ya kuchomelea haijaguswa popote, hata alama ya ncha ya moto hakuna. Hakuna aliyewahi kuifungua LNB ile kabla yangu. Kilichobadilishwa ni karatasi iliyobandikwa nje. Nilifananisha na ya kuazima: ni mapacha. Bei mara nne kwa karatasi.

Kuna AO-7, setilaiti ya watu wa ridhaa iliyorushwa Novemba 1974. Betri zake zilikufa 1981, wakaizika katika hesabu zao, na 2002 ikaamka yenyewe. Mpaka leo haina betri ya kutegemea, inaishi kwa jua tu: ikiona jua inafanya kazi, ikiingia kivulini inazima. Ile iliyotengenezwa na watu waliojitolea inafufuka ikiona jua, na hii ya karibu mara nne bei inapotea ikiona jua. Naomba mtu anielezee.

Nataka kutenda haki lakini, maana LNB yenyewe haijanitukana. Kuanzia saa mbili usiku mpaka alfajiri inapokea vizuri mno. Ishara dhaifu za watu wenye dishi dogo nazisikia. Mvua kubwa ya Kigoma imeipiga, haijaingiza maji. Na sasa natumia programu ya kompyuta inayoishika bikoni na kuifuata: LNB ikihama, programu inahama nayo, na masikioni husikii tofauti. Siku za anga tulivu za kiangazi naweza kuongea hata mchana. Mawingu yakiwa ya haraka haraka, inaachia. Kwa hiyo akija mtu akasema kifaa kinafaa, simkatalii. Kinafaa. Kuna usiku nimezima mitambo saa tisa nikijiambia nimwekee nyota tatu, hata nne, nimsamehe yaishe.

Halafu nakumbuka kwamba programu ile ni ya bure, na ingefanya kazi ile ile na LNB ya sokoni Mwanga. Nyota za programu haziwezi kwenda dukani kwake. Nakumbuka wale wasichana wamekaa kwenye mkeka wangu, na mimi nikitafuta sauti ya yule mama wa Brazil kwa kidole. Nakumbuka “hakuna kaka?” Tatu zinarudi mbili, mbili zinarudi moja, na hapo inabaki.

Kwa mnaotaka kununua, popote mnaponunua: dai picha ya ndani, kofia ikiwa imefunguliwa, kabla hela haijatoka kwenye simu yako. Kristali iliyobadilishwa inaonekana kwa macho, haihitaji utaalamu. Akisema akifungua ataharibu, achana naye. Na wa Tabora mliokuwa mmeniuliza kwa simu kama tuagize pamoja kupunguza nauli ya basi, jibu langu ni hapana, siyo pale. Tutafute fundi mmoja wa simu mwenye mkono mzuri tumletee kristali zenyewe, atubadilishie mbele ya macho yetu.

Hela yangu sijarudishiwa mpaka naandika haya, na namba yangu nadhani ameizuia, kwa sababu nikipiga kwa simu ya mtoto wa kaka inaita na anapokea, akisikia sauti yangu anakata. Akirudisha, nitakuja hapa hapa kuandika kwamba amerudisha, na nyota ya pili nitampa. Maneno ya kwenye simu yatabaki kama nilivyoyaandika.