Somo la jioni kuhusu Fukushima Daiichi, Kirumba: mwanzo mzuri, mwisho uliokimbizwa

Ninaishi kwa kutengeneza pampu za maji kandokando ya ziwa, na ndiyo sababu Jumamosi iliyopita nililipa shilingi 3,000 kuhudhuria somo la jioni linalotolewa katika ukumbi mdogo karibu na Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Safari hii lilihusu jitihada za kuudhibiti mtambo wa nyuklia wa Fukushima Daiichi, Japani, baada ya tetemeko na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011.

Mwalimu aliweka jiko la mkaa lenye sufuria ya maharage, akaziba mlango wa jiko, kisha akatuacha tusikilize maharage yakiendelea kutokota. Ndivyo ilivyokuwa kule: vinu vitatu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima mara tetemeko lilipopiga, lakini fueli ya urani iliendelea kutoa joto, na joto hilo huondolewa kwa maji yanayosukumwa na pampu, nazo pampu zinataka umeme. Wimbi lililozidi mita 14 liliingia hadi vyumba vya chini vyenye jenereta na swichi kuu.

Kilichonigusa zaidi ni betri ya gari aliyoiunganisha kwa nyaya mbili kwenye geji, mshale ukanyanyuka mbele ya macho yetu. Wafanyakazi wa Fukushima walifungua betri za magari yao, wakazibeba hadi chumba cha udhibiti kilichokuwa gizani, ili wajue tu maji yamebaki kiasi gani ndani ya kinu. Nimewahi kushuka kisimani usiku bila kujua kina cha maji, nami naijua hofu hiyo, ingawa yangu haikuwa na mionzi.

Alieleza vizuri pia jinsi magari ya zimamoto yalivyosukuma maji ya bahari ndani ya vinu, na jinsi mkuu wa mtambo, Masao Yoshida, alivyoendelea kuyasukuma hata baada ya kuagizwa kutoka Tokyo asitishe. Fundi anayejua chumvi inavyokula chuma ataelewa uzito wa uamuzi huo: ukishaingiza maji ya bahari, mtambo huo umeuaga.

Lawama yangu ni moja, nayo si ndogo. Miaka yote tangu Desemba 2011, serikali ya Japani ilipotangaza kwamba vinu vimepoa, hadi Novemba 2024, kifaa kinachoongozwa kwa mbali kilipotoa kipande cha kwanza kisichofika gramu 1 kati ya takriban tani 880 za fueli iliyoyeyuka, ilipewa dakika tano. Mama mmoja anayeuza sangara aliuliza kuhusu maji yaliyochafuliwa na mionzi ya mtambo huo, ambayo husafishwa na kumwagwa baharini tangu Agosti 2023, na hali ya samaki, akajibiwa kwa sentensi moja. Katika mji unaokula kwa samaki, swali hilo lilistahili nusu saa.

Somo litarudiwa mwezi ujao, nami nitampeleka kijana ninayemfundisha kazi. Fikeni kabla ya saa 12 jioni, kwani viti ni vichache na waliochelewa walisimama hadi mwisho.