Kava la taa lenye picha za nyumbani: seti hii inafaa?

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni tena Tanga. Leo mezani nina seti ya kutengenezea kava la taa. Ndani ya boksi kuna waya mbili za duara, plastiki pana yenye gundi upande mmoja, na utepe wa kumalizia kingo. Unapanga picha zako juu ya plastiki, unaiviringisha kwenye zile waya, basi, taa imepata sura za watu wako. Ndivyo boksi linavyosema.

Plastiki yenyewe nimeipenda, haina ubishi. Ukisugua na kitambaa kuanzia katikati kwenda pembeni, mapovu yanatoka yote. Na vipimo vimekaa sawa: duara lina upana wa sentimita 20, zidisha kwa 3.14, unapata karibu 63. Picha sita za sentimita 10 kwa 15, zikisimama, zinakula 60. Zile sentimita tatu zilizobaki nimeziba na ukanda wa kanga, umeficha na maungio humo humo.

Sasa kwenye picha zenyewe ndipo boksi limenyamaza, na ndipo kazi ilipo. Tazameni. Taa imezimwa, hii ya kwanza inapendeza, rangi zote zipo. Nawasha... mmeona? Giza tupu. Hii imesafishwa studio kwenye karatasi nene, mwanga haupiti. Ya pili, jirani yake, imetolewa kwenye karatasi nyembamba ya kawaida, nayo inang'aa mpaka ushungi wa bibi harusi unaonekana. Kwa hiyo picha ya kava usiichague ikiwa imelala mezani. Ishike mbele ya balbu kwanza. Na nyuma yake kusiwe na maandishi, yatajitokeza mbele.

Nendeni steshenari, Ngamiani zipo tele, mwambieni kijana atoe nakala kwa mashine ya poda. Printa za wino wa maji zinachuja gundi mbichi ikigusa, sembuse na unyevu wetu huu wa bahari. Huna uhakika ametumia ipi? Lowesha kidole, gusa kona ya karatasi. Ikiacha rangi kidoleni, mrudishie. Ile picha halisi irudi kwenye albamu, jamani. Piga skani, bandika nakala. Babu amesimama shambani kwenye mkonge, picha ni hiyo hiyo moja ukoo mzima, halafu wewe unaipaka gundi?

Balbu iwe ya LED, wati 5 mpaka 9 zinatosha. Zile za zamani za wati 60, sehemu kubwa ya umeme inaishia kuwa joto, na humu ndani kuna karatasi. Mwanga wa njano, ule ulioandikwa 2700 au 3000 kwenye pakiti, unazipa picha nyeusi na nyeupe ukahawia mzuri sana. Za rangi unaziharibu kidogo, watu wote wanakuwa manjano. Ukiweka nyeupe ya 6500 rangi zinarudi, ila sebule inakuwa kama duka la dawa. Mimi nimechagua njano na picha za zamani.

Halafu mwangalieni shangazi pale, balbu imemkaa katikati ya paji la uso. Akiona video hii atanipigia simu. Balbu ya maziwa, ile yenye kioo cheupe, inapunguza hilo doa, lakini dawa hasa ni kuwasha taa kabla ya kubandua karatasi ya gundi, uone mwanga unapiga wapi, ndipo uwapange watu.

Kilichoniudhi ni utepe wa kingo, mwepesi mno, umeshaanza kubanduka. Nimeung'oa nikazungushia kamba ya katani, kwa nje tu, mbali na balbu. Mkonge uko kwetu tangu yule Mjerumani wa kilimo, Hindorf, alipoleta miche mwaka 1893, nikanunue utepe mwingine wa nini?

Je, ununue? Kama unataka umbo la duara lililonyooka, ndiyo. Kama una kava la kitambaa jeupe tayari, bandika humo na gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kidogo, usitoe hela. Ila kabla ya kulipia, pima tundu la waya ya juu. La seti hii lina milimita 40 hivi, linakaa kwenye holda ya skrubu. Holda ya pini inataka 29 hivi, kwa hiyo muulize muuzaji kama anatoa na kile kipete cha kupunguzia. Mimi nilikikuta chini kabisa ya boksi.