Uzoefu wangu: makaburi ya Bunhill Fields, London

Kiingilio hakuna, foleni hakuna, na saa moja inatosha. Shuka stesheni ya Old Street, fuata City Road kuelekea kusini kama dakika tano kwa miguu. Geti liko mkono wa kulia, linatazamana na Kanisa la Wesley. Njia ya mawe inakatiza hadi Bunhill Row, na wenyeji wengi huipita kama kichochoro tu.

Ukifika uwazi wa katikati, kushoto ni John Bunyan (alifariki 1688), yule mwandishi wa kitabu cha Safari ya Msafiri, kachongwa amelala juu ya kaburi. Kulia ni mnara wa Daniel Defoe, mwandishi wa Robinson Crusoe, uliosimamishwa 1870. Pembeni yake kuna jiwe la William Blake, mshairi na mchoraji, na hapo ndipo wageni hukosea. Jiwe hilo ni la 1927 na lenyewe linakiri kwamba amezikwa karibu, si hapo. Watu hupiga picha, huacha sarafu, huondoka. Kaburi halisi liliwekewa bamba 2018, limelala kwenye nyasi mita 20 hivi kutoka hapo. Usipotazama chini utalipita.

Lililonishika mimi ni la Mary Page, aliyefariki 1728. Limeandikwa kwamba katika miezi 67 alitobolewa mwili kutolewa maji yaliyojaa ndani mara 66, jumla galoni 240, wala hakunung'unika. Utadhani ni faili la hospitali.

Kasoro kubwa ni uzio wa vyuma: makaburi mengi utayachungulia tu, likiwemo la Thomas Bayes wa hesabu za uwezekano. Yamebanana kwa sababu ekari nne hivi zilipokea watu zaidi ya 120,000 kabla ya kufungwa 1854. Ardhi haikuwahi kuwekwa wakfu, kwa hiyo Wakristo waliolikataa Kanisa la Uingereza walizikana hapa kwa taratibu zao. Nenda na kamera inayovuta mbali. Maandishi yaliyolika husomeka jua likiwa upande. La utosini huyafuta kabisa. Saa sita hadi saa nane mchana mabenchi hujaa watu wa maofisini na vyakula vyao. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, usichelewe.

Wakenya wa Kanisa la Marafiki (Waquaker) wakimtafuta mwanzilishi wao, George Fox, hapa hawatampata. Watoke kwa geti la Bunhill Row, wavuke barabara: yuko kwenye bustani ndogo ya Waquaker, upande wa pili.