Adapta ya dola 18 iliyokuwa ikinila herufi

Adapta hii, kifaa cha kuchomekea skrini, diski na vinginevyo kwenye tundu moja la USB-C la laptopu, ninayo mwezi wa nne sasa hapa Bukavu, na wiki tatu za mwanzo nilimlaumu asiyehusika.

Niliinunua kwenye duka moja la avenue Patrice Lumumba. Muuzaji alinirudishia noti ya dola tano kwa kuwa ilikuwa na mpasuko usiozidi ukucha; hapa kwetu dola iliyopasuka huwa inakataliwa. Laptopu yangu haina tundu la HDMI, lile la kuunganishia skrini, ina mawili ya USB-C tu, na shingo ilishachoka kuinamia inchi 13 nikitafsiri ripoti za Kifaransa. Skrini ya inchi 24 nilikuwa nayo, na kibodi isiyo na waya pia.

Siku ya kwanza skrini iliniandikia «Aucun signal», yaani haipokei picha. Kumbe moja ya yale matundu mawili halipitishi picha, linachaji na kubeba data basi. Kwa macho ni mapacha, kwa hiyo tazama alama ndogo iliyochorwa pembeni. Nilipohamia la pili, picha ilikuja safi, pikseli 1920 kwa 1080, na haijakatika tena ila umeme wenyewe ukiondoka.

Kibodi ndiyo iliyonitesa. Naandika «mwananchi», inatoka «mwnachi». Mara nyingine herufi moja inang'ang'ania na kujaza mstari mzima. Nilibadilisha betri mara mbili, nikaiondoa kwenye Bluetooth ambako hata haikuwamo (usiku huo nilikuwa nimechoka), nikaanza kuulizia bei ya kibodi mpya.

Kijana mmoja fundi kule Kadutu aliniuliza swali moja tu: «Yaya, inakusumbua saa gani?» Nikafikiri. Ni saa zile ninapokuwa nimechomeka diski ya nje. Akacheka: «Basi klavye (kibodi) haina ubaya.» Akakichomoa kwenye adapta kipokezi cha kibodi, kile kidogo kama punje ya hindi, akakirudisha kupitia waya wa kurefushia wa nusu mita, akakiweka mbali na adapta. Niliandika ukurasa mzima huku diski ikinakili mafaili, na hakuna herufi iliyopotea. Waya ulinigharimu faranga 5,000. Yeye mwenyewe alikubali soda tu.

Sababu nilikuja kuisoma baadaye. USB 3.0 inasukuma data hadi gigabiti 5 kwa sekunde, na kazi hiyo inamwaga kelele za redio zinazofika kwenye masafa ya gigahezi 2.4, mle mle kibodi inamozungumzia na kipokezi chake. Intel walilieleza jambo hili tangu 2012. Kwenye adapta yangu matundu yamebanana, kipokezi kilikaa sentimita mbili kutoka kwenye diski: kama watu wanaonong'onezana kando ya mashine ya kusaga mihogo. Hata intaneti niliyokuwa nikivuta kutoka kwenye simu ilikuwa ikizorota saa hizo hizo, nami nikawa natukana mtandao.

Kwa picha na kuchaji, adapta sina neno nayo, ingawa inapata joto. Kosa lake ni mpangilio wa matundu, na karatasi yake ya maelezo haisemi kitu kuhusu hilo. Nikiona yenye matundu yaliyoachana kwa bei hii nitaibadilisha. Kwa sasa kipokezi kimeshikwa na skochi nyuma ya skrini, na mwanangu ameshakibandua mara mbili.