Uzoefu wangu na isotretinoini: chunusi ziliondoka, masikio yakaanza kuvuma

Nimemeza isotretinoini, ile dawa ya chunusi sugu ambayo wengi wanaijua kwa jina la Roaccutane, kwa wiki 9. Uso wangu umesafika kuliko wakati wowote tangu nivunje ungo. Lakini niliiacha kabla ya kumaliza dozi kwa sababu ya masikio, na kama unaitumia sasa na usiku unasikia mlio ambao wenzako hawausikii, naomba unisome mpaka mwisho.

Chunusi zilinianza nikiwa na miaka 15 na nimefika 28 nikiwa nazo. Si vipele vya kuja na kupotea. Ni yale mavimbe ya chini ya ngozi, kwenye taya na mgongoni, yanayokuamsha ukijigeuza kitandani. Nimepaka liwa, nimepaka manjano, nimepaka krimu za kila bei, nimemeza doksisaiklini miezi mitatu. Nafundisha darasa la pili, na siku moja mtoto alinishika shavu akaniuliza, "Mwalimu, uliungua na uji?" Wiki ile ile nikaenda kwa daktari wa ngozi.

Kwa upande wa maandalizi, daktari alikuwa makini. Alinipima mimba kwanza, kwa kuwa dawa hii inaharibu mtoto tumboni, na akanisisitiza nijikinge mwezi mmoja kabla, muda wote wa dawa, na mwezi mmoja baada ya kuacha. Akapima ini na mafuta ya kwenye damu. Akanikataza vidonge vya vitamini A, maana isotretinoini yenyewe ni jamaa ya vitamini hiyo, na akanikataza kuichanganya na ile doksisaiklini iliyobaki nyumbani, kwa sababu mbili hizo zikikutana zinaweza kupandisha presha ndani ya kichwa. Nikaanza na miligramu 20 kwa siku, baada ya mwezi nikapandishwa hadi 40. Nilikuwa nameza baada ya chakula chenye mafuta, maana tumbo tupu haliipokei vizuri.

Masikio hatukuyataja, si yeye wala mimi.

Midomo ilipasuka wiki ya kwanza, pua ikatoa damu mara mbili, macho yakawa makavu. Hayo niliambiwa, nikayavumilia. Wiki ya sita taya likalainika, nikapitisha mkono na kwa mara ya kwanza hapakuuma.

Wiki ya nane, usiku, umeme ukakatika. Feni ikazunguka taratibu mpaka ikasimama, friji ikanyamaza, na mimi nikabaki na sauti. Nyembamba, kama nyenje, haikati. Nikadhani ni mdudu kweli. Nikawasha tochi ya simu, nikaangalia nyuma ya pazia, nikafungua dirisha, nikafunga. Nilipoziba masikio kwa vidole ndipo nikaelewa, kwa sababu iliongezeka. Ilikuwa ndani, zaidi upande wa kushoto.

Asubuhi nikampigia mama. Akaniambia, "Mwanangu, masikio yanavuma kwa kwinini. Wewe umekunywa nini?" Wazazi wetu waliotibiwa malaria kwa kwinini wanalijua jambo hili vizuri: kuna dawa zinagusa masikio. Mama ndiye wa kwanza kuunganisha mlio na kidonge.

Nilikuwa sina hata karatasi ya maelezo. Duka la dawa lilinikatia vidonge kutoka kwenye boksi kubwa, yule dada akanitilia kwenye bahasha ya kaki na kuandika kwa kalamu "1x2". Nilirudi nikaomba karatasi yenyewe. Imeandikwa waziwazi: kelele masikioni na kupungua kwa usikivu vimeripotiwa kwa watumiaji, chanzo hakijathibitishwa, na kwa baadhi yao usikivu ulibaki umepungua hata baada ya kuacha dawa. Ukipata dalili hizo, acha dawa na upelekwe kwa mtaalamu. Dawa hii iliidhinishwa Marekani mwaka 1982. Siyo habari mpya hata kidogo, na inaniuma kwamba niliisoma wiki ya tisa.

Nikampigia daktari wa ngozi siku hiyo hiyo. Hakubishana nami. Alisema nisimeze tena na akaniandikia kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Yule aliniuliza maswali ambayo nawaandikia kwa makusudi. Je, mlio unapiga pamoja na mapigo ya moyo? Kichwa kinauma sana? Kuona kunafifia? Ungejibu ndiyo, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, kwa sababu ya ile presha ya kichwani. Kwangu hapana. Kisha akachungulia, akatoa nta kavu kama makombo ya mkate wa juzi. Alinieleza kwamba hata njia ya sikio ina tezi za mafuta, na dawa inayokausha uso inaweza kukausha na huko pia. Nta ilipotoka nikasikia nafuu, sauti za watu zikawa karibu. Mlio haukuondoka.

Kipimo cha usikivu nilifanyiwa kwenye kibanda kidogo, spika za masikioni, unabonyeza kitufe kila ukisikia. Sikio la kulia zuri. La kushoto limeshuka kidogo kwenye sauti nyembamba kabisa. Nikauliza, "Ni dawa, daktari?" Akanijibu, "Mwalimu, ungepimwa kabla ya kuanza ningekujibu." Walipima ini, wakapima mafuta, wakapima mimba. Kipimo cha masikio cha mwanzo hakipo, na sasa hakuna atakayejua nilianzia wapi. Kama unatarajia kuanza dawa hii, hasa kama masikio yalishawahi kukusumbua, omba upimwe kwanza. Mimi kilichukua kama nusu saa.

Je, ningemshauri mtu asiitumie? Hapana. Kwa chunusi za aina yangu sijaona kinachoikaribia, na wapo wengi wanaoimaliza bila mlio wowote. Binamu yangu aliniomba vidonge 14 vilivyobaki nikamkatalia, hajapimwa chochote. Nilivirudisha kwa daktari.

Leo ni mwezi wa tatu tangu niache. Mchana siusikii mlio. Darasani nimehamia upande wa dirisha ili watoto wote wawe kulia kwangu, kwa sababu mtoto mwenye sauti ndogo akijibu "sita" kutoka kushoto, mimi nasikia "ita". Usiku feni inawashwa hata kwenye baridi. Mwezi ujao narudi kwenye kile kibanda, na safari hii kuna karatasi ya kulinganisha.