Spana ya toki kwa kazi ya giaboksi nyumbani: ipi ununue kwanza Nairobi

Ukiingia duka la vifaa Kirinyaga Road na kuomba spana ya toki, ile inayokuonyesha umekaza boliti kwa nguvu kiasi gani, yaelekea utawekewa mezani ile ndefu ya nusu inchi (upana wa kichwa chake cha mraba), ya Nm 40 hadi 210. Nm ni nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza. Ni ya nati za magurudumu, na ndiyo inayouzika. Lakini kama unataka kushusha giaboksi mwenyewe, utie klachi nzito zaidi, ufungue valvu bodi ya otomatiki (sehemu inayoongoza oili ili gia zibadilike), au uhamie gia sita kama wapenzi wa Subaru wanavyopenda, hiyo ndefu mimi naiweka nafasi ya tatu. Ya kwanza ni kadogo, ambako muuzaji huenda akalazimika kukatafuta rafu ya nyuma.

Sababu iko kwenye boliti zenyewe. Ganda la giaboksi ni alumini, na boliti nyingi zinazoingia humo ni M6, zile za kichwa cha namba 10. Kwenye otomatiki nyingi za Toyota, boliti za valvu bodi hukazwa kwa takriban Nm 11, na za sampu, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, chini ya hapo. Kwa mkono uliozoea racheti ndefu, kiasi hicho ni kama hujakaza. Unasikia boliti imekaa, unaongeza kidogo kwa usalama, na meno ya alumini yanatoka nayo. Kutoka hapo ni kutoboa na kutia helikoili, yaani meno mapya ya waya, umelala chini ya gari, keateka wa ploti amesimama juu yako akiuliza oili iliyomwagika kwenye kabro itasafishwa na nani.

Boliti kubwa zinazounga giaboksi na injini huvumilia zaidi. Ukikosea kwa Nm 5 kwenye boliti ya 60, gari litatembea. Ukikosea kwa Nm 5 kwenye boliti ya 10, umekosea kwa nusu nzima.

Nafasi ya kwanza: robo inchi ya kliki, Nm 5 hadi 25

Hii ndiyo ya kutolea pesa. Ya kliki unaiweka namba unayotaka, nayo hupiga kliki ukiifikia. Inashika valvu bodi, sampu na chujio, na pia boliti za klachi kava (kifuniko kinachobana klachi), ambazo kwenye Toyota nyingi ndogo ni Nm 19. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 kinaruhusu spana ya kliki ikosee kwa asilimia 4 juu au chini, na asilimia 6 kwa zile ambazo mwisho wake hauzidi Nm 10. Kwa kazi ya gereji hiyo inatosha kabisa.

Dukani, kabla ya kutoa M-Pesa, tafuta karatasi ya kipimo, inayoonyesha spana hiyo ilipimwa, ndani ya kasha na ulinganishe namba yake na iliyochongwa kwenye mpini. Karatasi isiyo na namba, au yenye namba ya spana nyingine, haina maana yoyote. Zungusha mpini kutoka chini hadi juu: uende laini, na kufuli ikifungwa usisogee. Kisha soma mistari ya vipimo ukiwa umeishika mbali kidogo. Kama huioni vizuri kwenye mwanga wa duka, chini ya gari hutaiona kabisa.

Angalia pia imeandikwa kwa kipimo gani, maana hapa ndipo watu huumia. Spana ndogo nyingi zina inchi-pauni upande mmoja, na kubwa zina futi-pauni. Inchi-pauni 90 ni kama Nm 10. Futi-pauni 90 ni Nm 122, yaani mara kumi na mbili. Boliti ya M6 itakatika muda mrefu kabla hujafika huko. Vitabu vya zamani vya magari ya Japani navyo hutumia kilo-sentimita, ambapo 100 ni karibu Nm 9.8. Nunua yenye Nm wazi, halafu uandike namba zako zote kwa Nm kwenye karatasi kabla ya kugusa gari.

Jambo moja la matumizi: kwenye spana ndogo kliki husikika kwa vidole zaidi ya masikio. Ukiwa karibu na matatu zinazopiga honi, unaweza kuipita bila kujua. Simama kwenye kliki ya kwanza. Kila unapovuta tena unaongeza.

Nafasi ya pili: 3/8 ya kliki, takriban Nm 20 hadi 110

Hii ndiyo ya katikati na itatumika zaidi baada ya kazi ya giaboksi kuisha. Boliti ya kumwagia oili ya otomatiki ya Honda ni Nm 49. Nati za magurudumu za Toyota nyingi ni 103. Boliti za kuunga giaboksi na injini huangukia humo humo. Usiitumie kwa kazi zilizo chini kabisa ya kipimo chake. Spana ya kliki huaminika kuanzia kama asilimia 20 ya mwisho wake, kwa hiyo ya 110 usiitegemee chini ya 22. Ndiyo maana ile klachi kava ya Nm 19 nimeiachia ile ndogo.

Mtu mwenye pesa ya moja tu na asiyefungua ndani ya otomatiki, anayebadilisha klachi pekee, anaweza kuanza na hii, mradi ana mtu wa kumwazima ndogo kwa zile boliti za Nm 19.

Nafasi ya tatu: nusu inchi, Nm 40 hadi 210

Nzuri, lakini si lazima uwe nayo. Karibu kila gereji ya Grogan au Kariobangi Light Industries ina moja, na fundi mnayefahamiana atakuazima kwa jioni moja. Ndogo hatakuazima, kwa sababu mara nyingi hana. Halafu kuna mtego: ukichomoa drive shafti, nati ya hab (ile ya katikati ya gurudumu) kwenye baadhi ya Corolla ni Nm 216. Spana yako ya 210 haifiki. Kwa hiyo hata uliyeinunua bado utaazima kubwa zaidi.

Nafasi ya nne: ya mshale

Ya bei ndogo kuliko zote, na ya kweli kuliko inavyofikiriwa. Ukikaza, mshale unakuonyesha namba kwenye mistari ya vipimo. Haina springi ya kuchoka. Mshale ukiacha sifuri, unaukunja kwa mkono urudi. Shida yake ni kwamba lazima uisome ukiitazama wima kutoka juu, na kwenye giaboksi mara nyingi unachokiona ni kiwiko chako mwenyewe. Nunua kama una benchi, utajengea valvu bodi mezani.

Nafasi ya tano: ya dijitali

Faida yake kubwa ni kupima pembe. Boliti za flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini, kwenye baadhi ya injini hukazwa kwa Nm kwanza, kisha nyuzi 90 zaidi. Lakini nyuzi 90 ni robo ya mzunguko, na doa la rangi kwenye kichwa cha boliti linakuonyesha bila betri. Mimi pesa hiyo ningenunua namba moja na namba mbili pamoja.

Zilizotumika kutoka Japani

Hizi sikuzipa nafasi kwa sababu kila moja ina maisha yake. Tohnichi au KTC ya zamani inaweza kuwa bora kuliko mpya ya bei rahisi, au inaweza kuwa imefungulia nati zenye kutu miaka kumi. Omba kuijaribu. Bana kichwa chake cha mraba kwenye jiliwa, mpini ukae mlalo, kisha tundika pakiti mbili za unga, kila moja kilo mbili, sentimita 25 kutoka katikati ya kichwa. Hiyo ni karibu Nm 9.8, na uzito wa spana yenyewe unaongeza kidogo. Ukiiweka 8 iachie, yaani ipige kliki. Ukiiweka 14 isiachie. Si kipimo cha maabara, ila ile iliyoharibika itajulikana hapo hapo.

Ukitaka uhakika wa karatasi, KEBS, shirika la viwango la Kenya, wana maabara za vipimo makao yao makuu, Popo Road, South C. Piga simu kwanza uulize kama wanapokea spana ya ukubwa wako na gharama yake, kwa sababu kwa spana ya bei ya chini ada inaweza kukaribia bei ya kununua nyingine. Mpya au ya zamani, usiifungulie boliti hata siku moja, na ukimaliza irudishe kwenye namba yake ya chini kabisa, bila kuivusha hapo, ndipo uirudishe kwenye kasha.