Kadi niliichagua wiki mbili, RAM dakika mbili

Feni zote za kompyuta zilizunguka, taa ya mazabodi (ubao mkuu unaobeba vipande vyote) ikawaka, skrini ikabaki nyeusi tii. Nikachomoa kebo nikachomeka, nikachomoa RAM (memori ya kazi ya kompyuta) nikapuliza meno yake, nikarudisha. Wapi! Mdogo wangu, aliyekuwa amenishikia tochi ya simu tangu saa moja jioni, akaniuliza, "Kaka, mbona inapumua tu haiongei?"

Miezi minane imepita, na kompyuta hiyohiyo ndiyo naichezea gemu karibu kila usiku. Niliiunganisha mwenyewe kwa bajeti ya kubana, na sijutii. Lakini nikiambiwa ninunue upya, vipande kadhaa ningevinunua kwa akili tofauti.

Kwanza kadi ya grafiki, ile inayochora picha za skrini, maana hapo ndipo karibu nusu ya pesa yangu ilipoishia. Nilichukua Radeon RX 6600 iliyotumika. Ni kadi ya 2021, ina GB 8 za memori, na kwa skrini ya 1080p (pikseli 1920 kwa 1080) bado inatosha na chenji inabaki. Gemu nyingi ninazocheza zinakaa juu ya fremu (picha) 60 kwa sekunde huku picha ikiwa kwenye kiwango cha juu. Ile mbinu ya kufuatilia miale ya mwanga nimeizima, wala siikumbuki. Kadi ya daraja hili haikutengenezwa kwa mzigo huo.

Nilikuwa nimeshavutiwa na kadi ya RX 6500 XT kwa sababu ya bei yake nafuu. Kilichoniokoa ni kusoma mistari miwili ya vipimo vyake: memori GB 4, na njia 4 tu za PCIe, yaani barabara za data kuelekea kwenye mazabodi. Kwenye mazabodi ya PCIe 4.0 unaweza kuvumilia. Yangu ni ya 3.0, toleo la zamani lenye kasi ndogo, na huko memori ya kadi ikijaa, data inaanza kuletwa kutoka RAM kupitia kitobo cha sindano. RX 6600 inatumia njia 8, kwa hiyo kinachopotea kwenye 3.0 ni kidogo. Jina la kadi linaweza kukupa moyo, lakini soma vipimo.

Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ni Ryzen 5 5600: viini 6 vya kufanya kazi, nyuzi 12 (kazi inazoshika kwa wakati mmoja), soketi ya AM4 (tundu inamokaa kwenye mazabodi), na feni yake inakuja humohumo ndani ya boksi. Ndugu yake wa 5500 alikuwa nafuu kidogo, ila ana MB 16 za kache ya L3 (memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa) badala ya 32, na kwenye gemu kache hiyo inaonekana. Jambo moja ulijue kabla hujaanza kulia kama mimi: 5600 haina grafiki yake yenyewe. Ukichomeka kebo ya skrini ya HDMI kwenye tundu la mazabodi badala ya lile la kadi, hupati kitu. Usiku ule niliangalia hilo mara tatu. Kebo ilikuwa mahali pake.

Tatizo lilikuwa mazabodi. Niliipata ya mkono wa pili, chipseti (chipu inayoongoza mazabodi) ya B450, safi haina hata vumbi. Muuzaji aliniambia "inakubali Ryzen zote za AM4", na hakudanganya, ila alimeza nusu ya sentensi: inakubali ukishasasisha BIOS, programu ya mazabodi inayoiamsha kompyuta. B450 zilitoka 2018. Prosesa yangu ilitoka 2022. BIOS iliyokuwa ndani haikuwahi kusikia habari za 5600, na bila kuitambua prosesa haiwezi kukuonyesha hata ukurasa wa mipangilio ili uisasishe. Kuku na yai.

Bahati yangu, ubao ule una kitufe kidogo nyuma cha kusasisha BIOS bila kutegemea prosesa. Si B450 zote zinacho, kwa hiyo ukinunua iliyotumika, kitafute kwa macho yako, au mwambie muuzaji aiwashe ukiona na akuonyeshe toleo la BIOS. Nilipakua faili kutoka tovuti ya mtengenezaji, nikalibadilisha jina kama kitabu cha maelekezo kinavyotaka, nikaliweka kwenye flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32, nikaichomeka kwenye tundu la USB lenye alama yake, nikabonyeza. Taa ndogo ikaanza kumetameta. Dakika zile usiguse chochote, wala usiombe umeme ukatike. Taa ilipozima niliwasha kompyuta, na nembo ilipotokea kwenye skrini mdogo wangu alipiga yowe mpaka jirani akagonga ukuta.

Nikadhani tumemaliza. Kumbe RAM ilikuwa inanisubiri.

Nilinunua RAM moja ya GB 16, DDR4 (kizazi cha RAM) ya kasi ya 3200, kwa hoja iliyoonekana ya busara: nikipata pesa nitaongeza ya pili. Kipima fremu kilikuwa kinasoma namba nzuri tu, lakini gari la kwenye gemu likiingia kona picha inaruka, kama mtu anayekata kauli katikati ya neno. Nikalaumu kadi. Nikafuta draiva (programu inayoiendesha kadi) nikaweka upya. Nikashusha ubora wa picha na haikusaidia, na hiyo yenyewe ingenifumbua macho: ukishusha picha na kukwama kukabaki palepale, kadi siyo mkosaji.

Prosesa hii ina njia mbili za kuzungumza na RAM. Ukiweka RAM moja unatumia njia moja. DDR4 ya 3200 inapitisha hadi GB 25.6 kwa sekunde kwa kila njia. Ukiweka mbili unapata 51.2. Nusu ya barabara nilikuwa nimeifunga mwenyewe. Juu ya hapo, Task Manager, programu ya Windows ya kukagua kompyuta, ilikuwa inaonyesha kasi ya 2666 na siyo 3200, kwa sababu XMP, mpangilio wa kuifikisha RAM kwenye kasi iliyoandikwa, haijiwashi. Unaingia BIOS unaiwasha kwa mkono wako.

Nikanunua RAM mbili za GB 8 zinazouzwa pamoja. Nikazipachika jirani, matundu mawili ya karibu na prosesa, zimekaa vizuri kama mapacha kitandani. Kukwama kukabaki! Matundu yale mawili yako kwenye njia moja. Inatakiwa tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, na kitabu cha mazabodi kinasema hivyo kwa mchoro, ukurasa ambao nilikuwa nimeuruka. Nilipozihamisha na kuwasha XMP, gari liliingia kona ileile na kutoka bila kuruka. Nilirudia kona hiyo zaidi ya mara kumi, kwa raha tu.

Pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme kwa vipande vyote, sikuifanyia ubahili, na hilo najipongeza. AMD wanashauri wati 450 kwa RX 6600, kadi yenyewe ikila kama 132. Nilichukua ya 550 mpya kabisa yenye 80 Plus Bronze. Nembo hiyo lakini inapima kiasi gani cha umeme hakipotei njiani, asilimia 85 mzigo ukiwa nusu. Haisemi kama kinga za ndani ni imara. Kwa hiyo niliangalia pia miaka ya dhamana. Vingine vyote unaweza kununua vilivyotumika. Hiki hapana, kikiungua huwa hakifi peke yake.

SSD ya NVMe (hifadhi ya haraka ya mafaili) ya GB 500 ni kosa dogo. Gemu moja kubwa siku hizi inaweza kuvuka GB 100, kwa hiyo kila Ijumaa nafuta moja ili kuweka nyingine. Ningechukua ya TB 1 na kasha lisilo na mataa, maana mataa yale niliyalipia na sasa kasha liko chini ya meza.

Ile RAM moja ya GB 16 bado ninayo kwenye droo. Mdogo wangu ameshaiomba. Naye anataka kuanza kukusanya vipande vyake. Nimemwambia ni yake siku atakayoniletea ya pili inayofanana nayo.